Sabuni tumepeleka, lakini saa nane usiku yuko nani?

Leo naanza kwa kukiri kosa, maana limenikaa rohoni siku nyingi.

Mwaka wangu wa kwanza gazetini nilitumwa kuandika habari ya msaada kwenye makazi ya wazee. Sitayataja ni yapi. Tulipanda basi dogo la wafadhili, tukashusha sabuni, mchele, sukari na mafuta ya kula. Wazee walikuwa wamepangwa kwenye viti chini ya mwembe. Mgeni rasmi akahutubia, akapigwa picha akimkabidhi bibi mmoja mche wa sabuni, na saa saba mchana tulikuwa tumeshaondoka. Kesho yake habari ikatoka, aya nne na picha. Katika aya zote nne hakuna mzee aliyesema neno zaidi ya asante. Wala mimi, na digrii yangu, sikuuliza swali ambalo sasa naona ndilo lilikuwa habari yenyewe: sisi tukishaondoka, usiku anabaki nani?

Swali hilo nilifundishwa na mama yangu. Bibi alivunjika nyonga akalazwa, na hospitali zetu mnazijua, muuguzi mmoja wodi nzima, kumwogesha mgonjwa na kumlisha ni kazi ya ndugu. Mama alikuwa anamgeuza bibi kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Mzee akilalia upande mmoja muda mrefu, damu haifiki vizuri kwenye ngozi, nyama inaanza kufa, na kidonda kinaweza kuchimba mpaka kwenye mfupa. Kitanda cha jirani alilala bibi mwingine asiye na ndugu. Mama akawa anamgeuza na yeye. Siku tuliporuhusiwa, yule bibi alimshika mama kanga, hakutaka kuiachia. Mpaka leo sijui nani alimgeuza usiku ule.

Namkumbuka kila nikisikia Kilimatinde ikitajwa. Kule Singida, ukingoni mwa Bonde la Ufa, kuna hospitali ya siku nyingi ya Kanisa la Anglikana, ya Mtakatifu Yohana, na kuna chuo cha uuguzi. Katika wilaya hiyohiyo ya Manyoni kuna makazi ya wazee ya serikali, Sukamahela. Tuelewane hapa: sisemi Sukamahela kuna ubaya, sina ushahidi huo na sitaki kumpaka mtu matope. Nasema swali la usiku linahusu makazi yote, yanayosifiwa na yanayolaumiwa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, kwamba jukumu la kumtunza ni la familia na jamii, na makazi yawe njia ya mwisho. Sawa. Lakini hebu fikirieni maana yake. Anayefika huko ni yule ambaye njia nyingine zote zimefungwa. Hana mtoto, au watoto wamemkimbia, au majirani wamemfukuza kwa sababu macho yake mekundu eti ni ya mchawi. Wengine waliwahi kuugua ukoma, na makazi mengi ya aina hii yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma. Ugonjwa umepona, lakini mishipa ya fahamu ilishakufa. Mzee anakanyaga kaa la moto au msumari, hasikii. Miguu yake inatakiwa kukaguliwa kila siku na mtu mwenye macho mazuri na subira. Hiyo haimo kwenye katoni ya msaada.

Na mtu wa namna hiyo akipigwa au akinyimwa chakula, atamwambia nani? Ndugu wa kuja juu hana.

Mwaka 2023 BBC Africa Eye walirusha filamu kuhusu makao ya wazee ya Thogoto, nje kidogo ya Nairobi. Ilionyesha wazee wakipigwa na kunyimwa chakula na matibabu. Waliyaona hayo kwa kuingia ndani na kamera ya siri, maana wageni wa mchana hawaonyeshwi mambo kama hayo. Makao yenyewe yalikuwa na jina la kanisa mlangoni. Jina zuri haligeuzi mzee usiku.

Najua kuna wa kusema, bwana, nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika tunatunza wazee wetu. Haya. Wazee wa makazini basi ni wa nani? Mwingine atasema pesa hakuna. Kweli, na watumishi wanaobaki usiku peke yao na wazee kibao nao wanaonewa. Lakini daftari ni bei gani? Liandikwe nani yupo zamu usiku huu, nani ameanguka, nani ana kidonda na kinaendeleaje, nani amepungua uzito. Mkaguzi aje bila taarifa, tena usiku, aombe daftari hilo. Na wanafunzi wa uuguzi wanaosoma wilaya moja na makazi wapangiwe mafunzo huko chini ya mwalimu wao, wajifunze kukagua miguu na mgongo wa mzee. Wasiwe vibarua wa bure, lakini wawe macho ya nje.

Sisi wa magazeti nasi tuache habari za mche wa sabuni. Nimejiwekea ahadi: safari ijayo nitakwenda bila mgeni rasmi, nikae na wazee mpaka giza liingie.

Na wewe unayetuma M-Pesa kwa bibi kila mwisho wa mwezi ukajiona umemaliza, leo piga simu. Usiulize kama hela imefika. Uliza bibi akitaka kwenda chooni saa nane usiku anamwamsha nani.