Miaka 50 ya Kufunza Wanadiplomasia, na Dai la Nchi ya Majani Chai

Kenya ilikuwa inakaribia kutimiza miaka kumi ya uhuru pale Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha programu ya kufunza wanadiplomasia mwaka 1973. Mwaka 1990 programu hiyo ikawa Taasisi ya Diplomasia na Masomo ya Kimataifa. Mwaka 2023 kazi hiyo ilitimiza miaka 50. Nairobi ina namna yake ya kusherehekea. Sisi wa kaunti za chai za Kericho na Bomet tuna sababu zetu za kuishangilia, na tuna dai letu.

Kabla ya hapo, kijana wa Kiafrika aliyetaka kuisomea kazi ya ubalozi ilimlazimu kuvuka bahari. Kuanzia mwaka 1960 shirika la Carnegie la Marekani lilikuwa likiwafadhili maafisa chipukizi wa nchi mpya wakasome New York na Geneva. Ufadhili huo ulitufaa sana, na hatuna haja ya kuubeza. Lakini kulikuwa na tofauti kubwa kati ya kusomea mipaka ya Afrika kando ya ziwa la Geneva na kuisomea Nairobi, ukiwa umekaa na mwenzako kutoka nchi jirani ambayo kesho mtazozana nayo juu ya mpaka huohuo. Darasa la Nairobi, lililopata msaada wa Uswisi mwanzoni, liliwezesha jambo hilo. Yaoundé nako kulikuwa na chuo cha aina hiyo, na mwaka 1978 Tanzania na Msumbiji zikaanzisha chao pale Kurasini, Dar es Salaam. Kwetu, walimu kama Profesa Makumi Mwagiru waliandika vitabu vya diplomasia ambavyo mwanafunzi wa Kenya anavisoma akiona nchi yake ndani. Profesa Maria Nzomo aliiongoza taasisi baada ya kuiwakilisha Kenya Zimbabwe na Geneva. Mwalimu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mazungumzo hufundisha mambo ambayo hayamo kitabuni.

Mtu atauliza, hayo yanamhusu nini mkulima wa Litein au Mogogosiek? Yanamhusu kuanzia asubuhi. Anachuna majani mawili na chipukizi, anayabeba hadi kituo cha kununulia, karani anayapima, anamwandikia kilo zake, lori la kiwanda linaondoka. Kuanzia hapo, bei ya jasho lake haimo tena mikononi mwake. Chai inauzwa kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola, na wanunuzi wakubwa wako Pakistani, Misri na Uingereza. Juni 2022 waziri mmoja wa Pakistani aliwaomba raia wenzake wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku, kwa sababu nchi ilikuwa inaishiwa fedha za kigeni. Aprili 2023 vita vilipozuka Sudan, soko jingine la chai yetu likatikisika. Misri nayo hununua chai yetu bila ushuru kwa kuwa sisi na wao tumo katika eneo huru la biashara la COMESA, na mkataba huo uliandikwa na watu, kifungu kwa kifungu. Bonasi inapotangazwa na mkulima wa huku akaona imepungua kuliko ya mwenzake wa mashariki mwa Bonde la Ufa, huwa tunamlaumu mkurugenzi wa kiwanda peke yake. Mara nyingine anastahili lawama. Lakini sehemu ya bonasi hiyo iliamuliwa Islamabad na Cairo, na ni haki yetu kuuliza nani alitusemea huko.

Kuna pia suala la ardhi, ambalo kwetu ni kidonda. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo mmoja wa jamii yetu ya Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Familia nyingi za Wakipsigis nazo ziling'olewa ili mashamba makubwa ya chai yapandwe. Madai ya waliohamishwa yamefikishwa kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2021 waliiandikia Uingereza, na mwaka uliofuata yakapelekwa mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza majuto yake juu ya maovu ya ukoloni, ila hakuomba msamaha. Wazee waliosubiri tangu utotoni wanahitaji watu wanaojua lugha ya mabaraza hayo ya kimataifa na pia wanaoijua Gwassi.

Si kwamba eneo hili halijawahi kutoa mtu wa kiwango hicho. Dkt. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho, alishiriki mazungumzo ya katiba ya Lancaster House, na mwaka 1976, akiwa Waziri wa Elimu, aliongoza Mkutano Mkuu wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Mwanaisimu wa Kikalenjin akaziongoza nchi za dunia katika jiji lake kuu! Tunalitaja hilo kwa fahari, na kwa masikitiko kwamba tunapotafuta mfano tunarudi karibu nusu karne nyuma.

Kizuizi kikubwa leo ni karo. Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka utumishi wa umma uakisi jamii zote za Kenya, wanaume kwa wanawake, na watu wenye ulemavu. Ila anayetaka kusomea diplomasia hukutana kwanza na karo ya shahada ya uzamili, ambayo chuo kiliipandisha mwaka 2021. Binti aliyelelewa katika nyumba za kampuni ya chai, akahitimu shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Kabianga, hana pa kuzitoa fedha hizo. Anaomba kazi yoyote ipatikanayo, na nafasi ya ubalozi inamwendea aliyezaliwa karibu nayo.

Wamarekani waliliona tatizo hili kwao. Ufadhili wa Pickering ulioanza mwaka 1992 na wa Rangel ulioanza mwaka 2002 ulikuwa ukimlipia mwanafunzi shahada ya uzamili ya miaka miwili, hasa anayetoka jamii ambazo hazikuwa na nafasi kwenye ubalozi, naye alifungwa kwa ahadi ya kuitumikia wizara walau miaka mitano. Utaratibu huo hauhitaji utajiri wa Marekani.

Kwa hiyo tunawaomba magavana wa Kericho na Bomet, wakurugenzi wa viwanda vya wakulima na Wizara ya Mambo ya Nje wakae meza moja na Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya bajeti ijayo, waanzishe ufadhili wa aina hiyo. Waanze na wanafunzi wawili kutoka kila kaunti, mmoja wao awe msichana, wachaguliwe kwa mtihani wa wazi na majina yatangazwe hadharani. Wizara nayo iahidi kwa maandishi kwamba watakaofaulu watapata kazi.