Kipunguza Mwendo si Breki

Katika mdahalo wa muhula huu tuliulizwa kama yafaa Tanzania ijenge kinu cha nyuklia ili kupata umeme. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba hatari hakuna, kwa sababu ndani ya kinu mna kipunguza mwendo, nacho ni kama breki ya lori literemkalo kutoka Mwika kwenda Himo. Alipigiwa makofi mengi. Mimi pia nilipiga, na ndiyo maana naandika.

Nilipokwenda kusoma niliona ya kuwa tumekosea sote. Kiini cha urani kikipasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, ziendazo kiasi cha kilomita 20,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo nyingi hupita bila kupasua kiini kingine. Tena ile urani ipasukayo kwa urahisi, yaani namba 235, ni sehemu 7 tu katika 1,000 za urani ya asili. Lakini nyutroni ikipunguzwa mpaka kilomita 2 hivi kwa sekunde, uwezo wake wa kuipasua huongezeka mara mia kadhaa. Basi kinachopunguzwa ni mwendo wa nyutroni. Moto wenyewe huchochewa! Kazi ya breki hufanywa na fito zinazomeza nyutroni, kama zile za boroni.

Wacheza gololi wataelewa upesi. Gololi ikigonga ukuta hurudi na sehemu kubwa ya kasi yake, bali ikigonga gololi mwenziwe sawasawa, husimama na ile ya pili ikaondoka. Hidrojeni iliyomo katika maji ina uzito karibu sawa na nyutroni, kwa hiyo migongano 18 hivi yatosha. Kaboni ya grafaiti huhitaji zaidi ya 100, ila yenyewe humeza nyutroni chache mno. Ndiyo iliyotumika Chicago tarehe 2 Desemba 1942, kinu cha kwanza kilichotengenezwa na watu kilipowaka.

Wala mambo haya si ya ng'ambo tu. Urani nyingi ya Wamarekani wakati wa vita ile ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga isemayo Kiswahili. Na kinu cha kwanza cha Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika mji uitwao leo Kinshasa. Humo hidrojeni ilichanganywa na urani yenyewe. Ikipata joto hushindwa kupunguza mwendo vizuri, na nguvu ya kinu hushuka yenyewe. Angalieni basi: usalama ulitokana na kipunguza mwendo kulegea, si kukaza. Kule Chernobyl, Aprili 1986, maji ya kupoza yaligeuka mvuke, grafaiti ikaendelea na kazi yake, na nguvu ikazidi kupanda.

Sisi tunayo urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, na siku moja tutaulizwa maoni yetu kama raia, si kama wanafunzi. Kwa hiyo naomba mdahalo ule urudiwe, na wasemaji wa pande zote mbili wakae kwanza na mwalimu wa Fizikia. Naomba pia tuache kuandika “kidhibiti” katika madaftari yetu, maana neno hilo ndilo lililotupoteza.

Mimi sijachagua upande. Nitaketi nyuma, wala sitapiga makofi mpaka nijibiwe swali hili: kinu mnachokitaka kikipata joto kupita kiasi, kipunguza mwendo chake hufanyaje?