Cheo cha Kompyuta

Hapa Lushoto umezuka mtindo ambao mimi, mwalimu mstaafu, siwezi kuunyamazia. Mtu ana kompyuta moja nyumbani, ya kuandikia barua na hesabu za mboga anazoteremsha Mombo. Ikianza kusuasua, anashauriwa alipe ili Windows yake ya toleo la Home ipandishwe iwe Pro. Anaambiwa Home ni ya watoto. Naye, kwa kuogopa aibu, analipa.

Ndugu msomaji, hebu tuulize ananunua nini. Bei ya Microsoft huko Marekani ni dola 99. Kwa fedha hizo hapewi chombo chochote. Anapewa leseni ya kidijitali tu. Kompyuta inazimika, inawaka, imepanda cheo. Kinachoongezeka ni uwezo wa kuisajili katika mtandao wa ofisi, kuiendesha ukiwa mbali, na kuifunga diski kwa BitLocker. Benki inayahitaji hayo. Hata mwalimu anayesafiri kwa basi na alama za mitihani ndani ya kompyuta ana sababu ya kuifunga diski yake. Lakini mkulima wa Soni mwenye hesabu za kabichi atayafanyia nini? Mashine yake itabaki nzito vilevile, maana Pro haiongezi memori wala haifufui diski iliyochoka.

Wengine hudai kwamba toleo la juu hudumu zaidi. Si kweli. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, Home na Pro siku ileile. Aliyelipia cheo hakuongezewa hata saa moja. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inadai mashine iwe na kinga iitwayo TPM 2.0. Isiyo nayo haikidhi masharti, iwe ya Home, iwe ya Pro.

Fedha hizo zingenunua memori au diski ya SSD, na mwenye kompyuta angeiona tofauti siku hiyohiyo. Tatizo letu ni kupenda vyeo kuliko kazi, na wauzaji wameujua udhaifu huo. Kabla hujafungua mkoba, muulize fundi swali moja: kesho nitafanya kazi gani ambayo leo siiwezi? Akikosa jibu, chukua kompyuta yako urudi nayo nyumbani.