Fisi wa Juja Hawakupotea Njia

Wote ninaowajua huku kwetu waliokutana na fisi ana kwa ana walikuwa wakitembea kwa miguu, gizani. Mwashi aliyekuwa akiwahi matatu ya kwanza kwenda mjengoni Nairobi. Mama anayekaanga mandazi pale steji. Kijana wa bodaboda aliyeishiwa na petroli akawa anaisukuma pikipiki. Watoto wa shule, mabegi mgongoni. Sijasikia hata mmoja aliyekuwa ndani ya gari. Ndiyo maana wakubwa wanapolizungumzia jambo hili, mimi hutaka kujua kwanza kama anayesema amewahi kutoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri akitegemea miguu yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Witeithie, kati ya Juja na Thika, na nyuma ya nyumba ninafuga mbuzi wa maziwa. Wakati wa kiangazi fisi tunawasikia karibu kila usiku. Huanza mmoja, mbali, sauti ikipanda na kukatika ghafla. Kisha mwingine humjibu kutoka upande wa mto, na mbwa wa mtaa, wale wanaobwekea kila pikipiki inayopita, hunyamaza. Mbuzi husongamana kwenye pembe moja ya zizi. Mimi huwasha taa ya nje na kuketi kitandani, nikimwaza binti wa jirani ambaye muda si mrefu atafungua geti kwenda shuleni.

Mapema mwaka 2024 habari zetu zilifika kwenye magazeti na runinga. Fisi walikuwa wameua huku Juja, na wakazi wakamiminika barabarani kudai ulinzi. Kipindi hicho hicho, Ongata Rongai, upande wa pili wa Nairobi, fisi alimshambulia mwanafunzi wa chuo kikuu na wenzake wakaandamana. Aprili 2025 simba jike alimuua msichana wa miaka 14 katika makazi yanayopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kila mara mambo hufuatana vile vile: askari wa wanyamapori huja, mitego hutegwa, viongozi huhutubia, na baada ya wiki chache watu wa miguu hubaki na barabara yao ya giza.

Siku za msiba kama huo husikika sauti mbili. Ya kwanza hutoka kwa waliofiwa na majirani zao: wauawe wote. Nimesimama kwenye matanga na siwezi kumkemea mzazi anayesema hivyo. Sauti ya pili ni ya upole zaidi, na mara nyingi hutoka kwa watu wasioishi huku: kwamba sisi ndio tuliowaingilia wanyama makwao. Hii ndiyo inayonikera.

Ni kweli wanyama walikuwepo kabla yetu. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alifikia shamba la Juja la William Northrup McMillan mwaka 1909, na kilichomleta ni uwindaji. Baadaye nyika ile ikapandwa mkonge, kisha mashamba ya mkonge yakakatwa ploti. Barabara kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, Juja ikawa karibu na Nairobi kuliko ilivyowahi kuwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,623,282 katika kaunti yetu ya Kiambu. Ile ya 2019 ikahesabu 2,417,735. Watu hawa hawakuvamia mbuga. Walinunua ploti za futi 50 kwa 100 kwa mikopo ya chama na sacco, wakapewa hati, wakalipa ada. Mtu ambaye mshahara wake haumwezeshi kupanga nyumba Nairobi hana kosa kujenga mahali alipouziwa na serikali ikapiga muhuri.

Wala fisi nao hawakupotea njia. Wamekuja kwenye malazi na chakula, na vyote viwili tumewawekea sisi. Hapa ndipo ningependa mjadala wetu ukae, badala ya kuzungushwa kila mwaka kati ya bunduki na lawama.

Nianze na malazi. Nairobi imejengwa kwa mawe ya Ndarugo. Yeyote aliyejenga ukuta miaka ya karibuni anayajua: mawe ya kijivu, yaliyokatwa kwa mashine, ncha zake zimenyooka hata fundi hahitaji kuyachonga. Yanatoka huku kwetu. Lori baada ya lori huyapeleka Ruiru, Kitengela, Syokimau, Ruaka, kote kunakopanda maghorofa. Jiwe likiisha, au likianza kutoka bovu, mashine huhamishwa na timbo huachwa jinsi lilivyo. Hubaki shimo lenye kuta zilizosimama, lililojaa vifusi, nyufa na mapango madogo, na chini yake maji ya mvua hutuama miezi kadhaa. Vichaka huota. Hakuna anayeingia huko mchana ila watoto wanaokwenda kuogelea, na kila mwaka hilo nalo lina vilio vyake.

Porini fisi madoa mara nyingi hata hachimbi shimo lake mwenyewe. Huchukua lililochimbwa na muhanga au ngiri na kulipanua. Huku hana haja ya kumtafuta muhanga. Amekuta mashimo makubwa, makavu pembeni, yenye kivuli mchana kutwa na njia nyingi za kutokea. Fisi jike akitafuta mahali pa kulelea watoto, atapata wapi pazuri zaidi kati ya Mto Athi na barabara kuu?

Sheria haijanyamaza. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka athari za timbo zitathminiwe kabla halijafunguliwa. Sheria ya Madini ya 2016 inasema uchimbaji ukimalizika ardhi irudishwe katika hali yake ya awali au hali nyingine inayokubalika. Ninaweza kumpeleka mwandishi yeyote wa habari kwa miguu kutoka nyumbani kwangu, asubuhi moja tu, akaone matimbo ambayo hayakurudishwa katika hali yoyote. Faida ya jiwe ilishaondoka na lori. Shimo ni letu.

Sasa chakula. Kiambu ni kaunti ya kuku na nguruwe. Ugonjwa ukiingia kwenye banda la kuku, asubuhi mtu anaamka na mizoga mingi asiyojua aifanyie nini. Kuchimba shimo refu kwenye ardhi ya mawe ni kazi ngumu. Kutia kwenye gunia na kumpa kijana mia mbili akatupe timboni ni rahisi. Ongeza matumbo na mifupa kutoka kwenye machinjio ya kichochoroni, ongeza ndama waliozaliwa wafu. Mafundi wa mawe wameniambia wanajua siku iliyotupwa gunia jipya kwa nyayo wanazozikuta kesho yake. Fisi hula mpaka mfupa, na hurudi mahali aliposhiba. Usiku gunia lisipokuwepo, anapanda juu kutafuta, na juu ndiko tuliko.

Kazi ya kula mizoga si ndogo. Mekelle, kaskazini mwa Ethiopia, fisi huingia karibu na mji usiku kula mizoga ya mifugo inayotupwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kwa mwaka humaliza tani 207, na kwamba kwa njia hiyo watu 5 na mifugo 140 huepushwa na kimeta na kifua kikuu cha ng'ombe. Simpelekei mzazi aliyefiwa habari za tani. Nawapelekea wale wanaodhani fisi akiondoka mambo yetu yatakuwa safi. Gunia litabaki pale pale likioza, na litakaloshuka kutoka humo wakati wa mvua litaingia kwenye visima vyetu.

Wanaotaka wauawe wote nao nina mfano wao, wa mbali kidogo. Binti yangu anaishi kitongoji kimoja cha Chicago, Marekani. Mnyama anayeingia mitaani kwao ni coyote, wa jamii moja na mbwa mwitu na bweha, mwenye umbo la mbwa wa wastani. Tangu mwaka 2000 mtafiti Stanley Gehrt na wenzake wamekuwa wakiwavisha kola za redio na kuwafuatilia katika eneo la mji huo, na wameona kwamba wengi wao huishi kandokando ya nyumba za watu wakila panya, sungura, mizoga ya paa na matunda, bila kumgusa mtu. Hatari huongezeka pale wanapolishwa wakazoea. Marekani iliwapiga risasi na kuwawekea sumu kwa zaidi ya karne moja, na coyote wakasambaa mpaka kila jimbo isipokuwa Hawaii, kwa kuwa wakipunguzwa waliobaki huzaa zaidi. Fisi hana uwezo huo. Jike hubeba mimba kwa siku 110 hivi, huzaa mtoto mmoja au wawili, na humnyonyesha zaidi ya mwaka. Tukiamua kuwamaliza fisi wa Juja, tutawamaliza kweli.

Na sumu tayari inatembea. Mfugaji aliyepoteza kondoo wanne usiku mmoja hunyunyizia dawa ya wadudu kwenye mzoga uliobaki na kusubiri. Anayekufa kwanza ni mbwa wa jirani, kisha ndege, kisha labda fisi. Ninamwelewa mfugaji huyo kuliko anavyodhani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilimwahidi fidia ya mifugo yake. Iliahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Jirani yangu mmoja alijaza fomu baada ya mbuzi wake kuuawa. Alipiga picha, akaandikisha polisi, akamleta daktari wa mifugo kwa gharama yake, akapeleka karatasi ofisini, akaambiwa asubiri. Alisubiri mpaka akaacha kufuga. Mwenye kujua kwamba atalipwa ndani ya miezi michache hatakuwa na haraka ya kununua sumu. Kwa hiyo anayewapenda fisi kwa dhati na awe wa kwanza kuidai fidia ya wafugaji.

Kuna mambo yasiyosubiri fedha nyingi. Richard Turere alikuwa mvulana mdogo, kwao Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, alipogundua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Alifunga taa ndogo kwenye ua wa ng'ombe wa baba yake zikawa zinamweka kwa zamu, kwa betri na paneli ya jua, na mwaka 2013 dunia nzima ikamsikia akieleza. Ikiwa mtoto aliweza kulinda zizi kwa balbu za tochi, mitaa yetu inaweza kupata taa. Mlingoti wa taa za mulika mwizi ulio karibu nasi umezimika muda mrefu, na chini yake ndipo wanawake wa mboga hukusanyika alfajiri kusubiri pikapu.

Jambo ninalolisema kwa uchungu zaidi, kama mwalimu, ni saa za shule. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka wazi kwamba masomo katika shule za kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Lakini nendeni mkasimame njiani huku saa kumi na moja alfajiri mwone watoto wanavyokwenda kwenye masomo ya ziada, wengine wa miaka kumi, wakipita kandokando ya matimbo kwa sababu ndiyo njia fupi. Wanatumwa na shule, wazazi wanalipia, na kila mtu anaogopa kuwa mtoto wake ndiye atakayebaki nyuma. Fisi ni mnyama wa usiku. Jua likichomoza amesharudi pangoni. Kumtoa mtoto wa miaka kumi nje katika saa hizo ni uamuzi wa watu wazima, na watu wazima wanaweza kuubatilisha. Bodi za shule hazihitaji bajeti wala ruhusa ya Nairobi kulifanya hili. Zinahitaji kikao kimoja, na ninaomba kila bodi kati ya Juja na Thika iketi kabla muhula huu haujaisha.

Kwa serikali ya kaunti na wizara zinazohusika na madini na mazingira, ombi langu ni la karatasi moja: orodha ya matimbo yote yaliyoachwa kuanzia Juja hadi Ndarugo, jina la mwenye kila moja, na tarehe ambayo litafukiwa au kuzungushiwa ua. Ibandikwe kwa chifu, ibandikwe sokoni. Sisi tunaotembea kwa miguu tutaisoma.