TUJIENDELEZE: Kazi isiyo na siku yake haifanyiki

Mwezi huu tuzungumze juu ya neno moja dogo. Neno hilo ni "kesho".

Neno hili peke yake halina ubaya. Sisi wakulima tunaishi kwa kuitazama kesho. Tunapanda leo ili tule kesho. Lakini iko kesho nyingine ambayo haifiki. Ukiamka asubuhi unakuta imesogea mbele tena. Kesho hiyo naijua vizuri. Niliishi nayo nyumbani kwangu kwa miaka 3.

SHIMO LA MIAKA 3

Choo chetu cha zamani kilijaa. Nikasema nitachimba kingine. Siku ya kwanza nilichimba kwa nguvu zote, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Shimo likafika magotini. Mikono ikatoka malengelenge, na mgongo ukauma. Nikaweka jembe chini, nikasema, "Nitaendelea nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Ilikuja palizi. Ikaja mavuno. Ikaja harusi ya mpwa wangu. Mvua ikanyesha, kingo za shimo zikabomoka, na udongo ukarudi ndani. Kila nilipopita pale nilisema moyoni, "Nitalimaliza." Nilisema kweli, sikuwa nadanganya. Lakini sikulimaliza.

Mama yangu ni mzee, na anaishi nasi. Kwa kuwa choo hakikuwapo, usiku alikwenda porini kama sisi wengine. Usiku mmoja wa masika aliteleza njiani, akaanguka, akavunjika mkono wa kulia. Tulimpeleka hospitali, akafungwa plasta.

Aliporudi nyumbani hakunilaumu. Alikaa kwenye kigoda uani, akalitazama lile shimo kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, kama shimo hili ni la choo, limalize. Kama ni la kunizika mimi, bado ni dogo."

Tulicheka sote. Lakini usiku ule sikupata usingizi.

JE, NILIKUWA MVIVU?

Watu wengi husema mtu anayeahirisha kazi ni mvivu. Mimi nilijiuliza swali hilo usiku ule. Katika miaka ile 3 sikuacha kulima hata msimu mmoja. Mahindi yalipaliliwa kwa wakati. Mbuzi walichungwa. Kwa nini basi choo kilinishinda?

Nikaona sababu 2.

Kwanza, shamba lina mwito wake. Mvua ikinyesha, inakuambia, "Panda." Magugu yakiota, yanakuambia, "Palilia." Usipoitika, utalala njaa, nawe unajua hivyo. Lakini choo hakina msimu. Leo ni sawa na kesho, na kesho ni sawa na mtondo. Kazi ya namna hiyo haikuiti. Wewe ndiwe unayepaswa kuipa siku yake.

Pili, kila nilipolitazama shimo niliiona kazi yote kwa mara moja. Niliona shimo refu, magogo, kuta, paa na mlango. Kazi kubwa namna ile inatisha. Moyo ukaikimbia, nami nikaenda kufanya kitu kingine.

DAFTARI NA HESABU

Ndugu msomaji, wewe na mimi tumejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Elimu hiyo si ya kusomea barua tu. Usiku ule nilichukua daftari na penseli.

Kwanza niliandika: "Nitachimba choo." Nikayasoma maneno hayo, nikaona ni yale yale ya miaka 3. Hayakusema ni siku gani. Hayakusema ni saa ngapi. Hayakusema nifanye kiasi gani. Nikayafuta.

Ndipo nikafanya hesabu. Nilitaka shimo la mviringo, lenye upana wa mita 1 na kina cha mita 3. Shimo la kadiri hiyo hutoa udongo wa madebe kama 150. Nikajiuliza, "Je, naweza kutoa madebe 150?" Moyo ukakataa. Nikauliza tena, "Je, naweza kutoa madebe 10?" Moyo ukasema, "Madebe 10 tu? Hayo naweza hata kabla ya kwenda shambani."

Madebe 150 ukigawa kwa 10 unapata siku 15. Ukifanya kazi siku 3 kwa wiki, ni wiki 5. Kazi iliyonishinda miaka 3 ilikuwa ni ya wiki 5!

Basi nikaandika upya: "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikimaliza kunywa uji, nitatoa madebe 10."

Tazama, ndugu yangu, tofauti ya sentensi hizi mbili. Ya kwanza ni nia. Ya pili ni kazi. Uji nakunywa kila siku, siwezi kuusahau. Kwa hiyo uji wenyewe ukawa kengele yangu.

MAMA ANAHESABU

Nilichagua mahali pengine, mita 30 kutoka kisimani, ili maji yetu yasichafuke. Asubuhi ya Jumatatu nilianza. Mama alikaa na mkono wake wa plasta, na kwa mkono wa kushoto akawa anahesabu kwa kokoto. Kila debe lilipomwagwa, aliweka kokoto moja.

Lilipofika debe la 10, bado nilikuwa na nguvu. Nikataka kuendelea. Mama akasema, "Basi! Nenda shambani."

Nikamwambia, "Mama, niache niongeze 5."

Akajibu, "Siku ile ya kwanza uliongeza, ukaumwa mgongo, ukaliacha miaka 3. Leo acha ukiwa bado unataka."

Nikamtii. Jumatano nilirudi bila kulazimishwa. Kila siku niliyomaliza madebe 10 niliweka alama ya msalaba kwenye kalenda ya ukutani. Watoto nao wakawa wanaitazama kalenda. Siku nisipoanza mapema waliniuliza, "Baba, leo si Ijumaa?"

Shimo lilipopita kifua sikuchimba tena peke yangu. Mdogo wangu alikaa juu akivuta ndoo kwa kamba. Nawe ukichimba shimo refu usiwe peke yako kamwe. Udongo ukiporomoka, nani atakuokoa?

SIKU ILIYOPOTEA

Wiki ya tatu jirani yetu alifiwa. Jumatano na Ijumaa sikuchimba, nilikuwa msibani. Hapo ndipo nilipokuwa karibu kuanguka tena. Nilijiambia, "Sasa nina deni la madebe 20. Jumatatu itanibidi nitoe 30." Moyo ukaanza kukimbia kama zamani.

Mama akaniuliza, "Daftari linasemaje?" Nikasoma: madebe 10. Akasema, "Basi ni 10."

Hili ni jambo kubwa, ndugu msomaji. Siku moja ikipotea, kazi haijafa. Inayoiua kazi ni ile aibu ya siku iliyopotea. Mtu huona ameshindwa, akaacha kabisa. Usijilipishe deni. Anza tena kwa kipimo kile kile cha kila siku.

Shimo letu lilikwisha wiki ya sita badala ya wiki ya tano. Hakuna aliyedai hiyo wiki moja.

Lakini shimo si choo. Nikafungua daftari tena, nikaandika siku ya kukata magogo, siku ya kuweka sakafu, siku za kusimamisha kuta na siku ya kuezeka. Mwisho tukaweka mfuniko wa kuzuia nzi, na nje tukatundika kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Leo mama haendi porini usiku.

WANANCHI WALIWAHI KUFANYA HIVI

Njia hii si mpya. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kujifunza. Walikusanyika kusikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu pamoja, na kujadiliana juu ya malaria, kuhara, minyoo na magonjwa mengine. Kampeni hiyo ilichukua wiki 12.

Vikundi havikuishia kwenye maneno. Baada ya mazungumzo watu waliamua ni kazi gani ifanyike kijijini kwao. Wakafyeka majani karibu na nyumba, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Walipokutana tena, wenzao waliwaona. Ni vigumu kusema "kesho" mbele ya watu waliokusikia wiki iliyopita ukisema "wiki hii". Maelfu kwa maelfu ya vyoo vilijengwa kwa njia hiyo.

Wazee wetu wa mwaka ule hawakutuzidi nguvu. Walikuwa na siku ya kukutana, kazi ya kufanya na watu wa kuwaona.

MBOLEA NA FEDHA ZA MAVUNO

Jambo hili si la choo tu. Tazama mfano wa wenzetu wa Busia, magharibi ya Kenya. Wataalamu wa uchumi walifanya utafiti kwa wakulima wa mahindi wa huko. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011.

Wakulima walioshiriki waliiona faida ya mbolea ya kukuzia. Walipoulizwa kama wataitumia msimu unaofuata, karibu wote walisema ndiyo. Lakini msimu ulipofika, walioitumia walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja. Wengine walikwama njiani kati ya nia na tendo.

Kwa nini? Fedha huwapo wakati wa mavuno, na mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye. Katikati hapo fedha zina safari nyingi. Mkulima husema, "Nitanunua wiki ijayo." Siku ya kuitumia ikifika, mfuko ni mtupu.

Basi wataalamu walijaribu jambo dogo. Mara tu baada ya mavuno waliwaendea wakulima nyumbani. Aliyetaka mbolea aliinunua kwa bei ya kawaida, lakini aliletewa nyumbani bila gharama ya usafiri. Nafasi hiyo ilikuwa ya muda mfupi tu. Walionunua waliongezeka sana, karibu sawa na kama bei ingepunguzwa kwa nusu baadaye, wakati wa kukuzia.

Fundisho ni hili: nia nzuri nayo ina msimu wake. Itendee kazi wakati uwezo upo mkononi. Ukiuza mazao, nunua mbolea au lipa ada kabla fedha hazijalala nyumbani. Usingoje mtu akuletee mlangoni. Weka siku yako mwenyewe: "Siku nitakayouza mahindi, kabla ya kurudi nyumbani, nitapita dukani kununua mbolea."

MAMBO 5 YA KUKUMBUKA

1. Chagua kazi 1 tu. Ukichagua 5 kwa pamoja hutamaliza hata 1.

2. Igawe vipande vidogo. Kipande kiwe kidogo hata siku ya uchovu ukiweze.

3. Kipe kipande siku na saa. Kifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku, kama vile kunywa uji au kufungulia mbuzi.

4. Andika, na weka alama kila umalizapo. Mwombe mtu mmoja awe shahidi wako.

5. Siku ikipotea, usijilaumu na usijilipishe deni. Rudi kwenye kipimo chako.

Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Hawakusema gogo huisha kwa pigo moja. Wala hawakusema gogo huisha kwa kulitazama.

KAZI YA MWEZI HUU

Kabla hujaliweka gazeti hili chini, chukua penseli. Andika sentensi 1 kama hii, ukijaza mwenyewe:

"Siku ya ............, nikimaliza ............, nita............ kiasi cha ............"

Ibandike ukutani mahali utakapoiona. Msomee mtu mmoja wa nyumbani kwako.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Ni kazi gani hapa kijijini ambayo tumeisema kwa zaidi ya mwaka na haijafanyika?

2. Je, kazi hiyo ina siku yake? Nani aliiandika?

3. Kwa nini mama alimzuia mwanawe asizidishe madebe 10?

4. Wakati wa mavuno, fedha za nyumba yako huishia wapi kwanza?

Ndugu msomaji, mimi nilikuwa na bahati. Mama alivunjika mkono, akapona. Usingoje mtu wako aanguke ndipo uchukue jembe.

Tuonane mwezi ujao.