Jina Limebaki, Kasa Hayupo



Kijiji chako kinaitwaje? Nani alikipa jina hilo, na kwa sababu gani? Pengine unaishi Mbuyuni. Katika nchi yetu pako mahali pengi panapoitwa Mbuyuni. Mahali pengine mbuyu bado umesimama, na watu hukutana chini yake. Mahali pengine mbuyu ulianguka zamani. Mtoto aliyezaliwa hapo hajauona. Analo jina tu.

Leo nataka tuzungumze juu ya majina ya namna hiyo. Nimechagua majina yaliyotokana na mnyama mmoja. Mnyama huyo ni kasa, pamoja na ndugu yake wa nchi kavu, kobe. Nimemchagua kwa sababu jina lake limefika mbali sana duniani. Tena, mahali pengine jina ndilo kitu pekee alichoacha.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kasa huishi baharini. Miguu yake ni mipana kama makasia. Kobe huishi nchi kavu, naye hutembea polepole, kama kila mtu ajuavyo. Wote wawili hubeba gamba mgongoni. Kiswahili huwatenga kwa majina mawili, na ni vizuri. Wahispania huwaita wote wawili kwa neno moja, tortuga. Likumbuke neno hilo, maana tutalikuta tena. (Na kasa huyu siye yule wa "saa nne kasa robo". Hayo ni maneno mawili yaliyokutana kwa sauti tu.)

Basi tuanze safari. Mwezi wa Desemba mwaka 1492, baharia Christopher Columbus alifika karibu na nchi ambayo leo inaitwa Haiti. Aliona kisiwa chenye mgongo wa mviringo. Kwa mbali kilifanana na kasa aliyelala juu ya maji. Akakiita Tortuga. Baadaye kisiwa hicho kilijulikana sana kwa sababu ya wanyang'anyi wa baharini waliojificha huko. Lakini jina lake lilitokana na umbo tu. Hata kama kasa wote wa bahari ile wangekwisha, mgongo wa kisiwa ungebaki pale pale. Jina la namna hiyo halina deni kwa mtu.

Majina mengine yanalo deni. Mbele ya ncha ya Florida, kusini mwa Marekani, viko visiwa saba vidogo vya mchanga. Mwaka 1513 Mhispania Juan Ponce de León alipita hapo na watu wake. Wakakamata kasa wapatao 160. Visiwa vikaitwa Las Tortugas. Baadaye mabaharia waliongeza neno moja mbele ya jina hilo katika ramani zao, neno la Kiingereza lenye maana ya "kavu". Kwa nini kavu? Kwa sababu visiwani hapo hapana maji ya kunywa. Nahodha aliyesoma ramani alijua mambo mawili kwa jina moja. Alijua kwamba nyama ipo, na maji hayapo. Mimi nalipenda sana jina hilo. Maneno mawili tu yangeweza kuokoa watu chomboni.

Sasa sikiliza habari za visiwa vya Cayman. Hapa nataka tukae kidogo.

Tarehe 10 Mei 1503, katika safari yake ya nne, Columbus aliona visiwa viwili vidogo kati ya Cuba na Jamaica. Kasa walikuwa wengi mno, nchi kavu na baharini, hata kwa mbali walionekana kama mawe. Visiwa hivyo navyo akaviita Las Tortugas. Baada ya miaka michache jina likabadilika. Watu walikuwa wameona mamba huko, wakaanza kuviita Caymanas, kutokana na neno la wenyeji wa bahari ile lenye maana ya mamba.

Lakini jina lilipobadilika, kasa hawakusahauliwa. Fikiri maisha ya mabaharia wa zamani. Safari ilichukua miezi. Nyama ya chumvi iliharibika. Lakini kasa ukimpindua chali hawezi kukimbia. Unaweza kumweka chomboni wiki nyingi akiwa hai, na nyama yake ikawa mbichi siku utakayomchinja. Mwaka 1655 Waingereza walipoteka Jamaica, walihitaji chakula cha askari na cha walowezi. Chakula hicho walikipata Cayman. Vyombo vilikwenda na kurudi vimejaa kasa.

Tazama sasa jinsi kasa anavyoishi, maana hapo ndipo penye siri ya msiba. Kasa wa kawaida huchukua miaka 20, hata 30 na zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Anapokomaa, jike hurudi kutaga karibu na pwani alikozaliwa. Hupanda mchangani usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja, huyafukia, kisha hurudi majini. Wavuvi walimngoja hapo hapo. Kwa hiyo waliochinjwa walikuwa mama. Kila mwaka mama walikuja, na kila mwaka walichinjwa. Kwa kuwa vitoto huchukua miaka mingi kukomaa, wavuvi hawakuona upungufu upesi. Waliendelea kuvuna mazao ya miaka iliyopita. Walipoona, ilikuwa imekwisha. Mnamo mwaka 1800 kasa wa kutaga Cayman walikuwa wachache sana. Watu wa huko wakalazimika kupeleka vyombo vyao mpaka pwani ya kusini ya Cuba, na baadaye mpaka Nicaragua, kutafuta kasa wa watu wengine.

Leo kasa amechorwa katika nembo ya visiwa vya Cayman. Tangu mwaka 1968 liko hata shamba la kufuga kasa. Na mamba waliotoa jina jipya? Nao walitoweka. Visiwa hivyo vimepewa majina ya wanyama mara mbili, na mara mbili watu wamewamaliza wenye jina.

Huko Galápagos, katika bahari ya Pasifiki, mambo yalikuwa hayo hayo, ila waliochukuliwa huko ni kobe wa nchi kavu. Galápago ni neno jingine la Kihispania la mnyama huyu. Kobe wa huko ni wakubwa ajabu. Wanaweza kukaa karibu mwaka mzima bila kula wala kunywa. Sifa hiyo, ambayo ilikuwa uzima wao, ndiyo iliyowaua. Wavuvi wa nyangumi waliwarundika ndani ya meli kama magunia ya nafaka. Wataalamu wanakadiria kwamba zaidi ya kobe 100,000 walichukuliwa. Visiwa vingi vilikuwa na kobe wa aina yake. Kisiwa cha Pinta kilibaki na dume mmoja tu, aliyepewa jina la George. Alitafutiwa jike kwa miaka mingi, hakupatikana wa aina yake. Tarehe 24 Juni 2012 George alikufa, na aina yake ikaishia hapo.

Usidhani kila jina linalosikika kama kasa au kobe limetoka kwake. Huko Japani uko mji mkubwa uitwao Kobe. Sisi tukilisikia jina hilo tunacheka. Lakini kwa Kijapani halina habari na kobe. Limetoka katika neno la zamani la watu waliolihudumia hekalu. Na mjini New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa yapo katika mtaa unaoitwa Ghuba ya Kasa. Wako wasemao kwamba kasa walikuwapo kweli. Wengine husema Waholanzi walipaita mahali hapo kwa neno la kisu kilichopinda, kwa sababu ghuba ilipinda hivyo, na Waingereza wakalisikia vibaya. Ghuba yenyewe ilifukiwa zamani, huwezi kwenda kuitazama. Aliyejua hakuandika, na sasa watu wanabishana.

Vitu navyo vimepewa jina hili, hasa kwa sababu ya gamba. Askari wa Roma ya kale walikuwa wakiunganisha ngao zao juu ya vichwa na ubavuni, wakasogea pamoja chini yake. Mtindo huo waliuita kobe. Mwaka 1776, Wamarekani walipopigana na Waingereza, walijaribu chombo kidogo cha kwenda chini ya maji kilichotengenezwa na David Bushnell. Kilikuwa kama magamba mawili ya kasa yaliyounganishwa, nacho kikaitwa Kasa. Kilikusudiwa kutega baruti chini ya manowari ya Waingereza. Hakikufaulu. Na Wayunani wa kisiwa cha Aegina, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, walitengeneza fedha zenye picha ya kasa. Watu wakaziita kasa, kama sisi tunavyoita noti kwa picha zake.

Sasa turudi kwetu.

Kiko kitabu cha zamani sana cha mabaharia, kilichoandikwa kwa Kiyunani yapata miaka 1,900 na zaidi iliyopita. Kinaeleza biashara ya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kati ya bidhaa kinazozitaja ni pembe za ndovu na magamba ya kasa. Basi kasa wetu walijulikana mbali kabla majina mengi ya miji yetu hayajaandikwa. Wavuvi wetu nao hawakutosheka na jina moja. Wanalo ng'amba, ambaye gamba lake ndilo lililotafutwa sana. Wanalo duvi, noa na kigome. Mtu hatoi majina mengi kwa kitu asichokijua.

Lakini tazama jinsi majina yanavyoweza kutudanganya. Mbele ya mji wa Unguja kipo kisiwa cha Changuu. Changuu ni samaki. Wageni hukiita kisiwa cha jela, kwa sababu ya jengo la jela lililojengwa huko mwaka 1893. Jengo hilo halikutumiwa kuwa jela. Lilitumiwa kuwatenga watu waliohofiwa kuwa na magonjwa ya kuambukiza. Na wanaoishi huko leo ni kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jina la samaki, jina la jela, na mwenye nyumba ni kobe!

Na mbele ya Pangani kipo kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti, na kasa wengi walitaga hapo. Miti ikatoweka, na bahari ikala mchanga. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 na kitu, maji yakijaa kisiwa chote hufunikwa. Kasa akitaga hapo, mayai huzama. Jina la Maziwe halikutuambia kamwe kwamba pale ni mahali pa kasa. Ni watu wanaojua, na watu hufa.

Wako watakaoniuliza: "Ndugu mwandishi, babu zetu walimla kasa, mbona unatunyima kitoweo?" Swali hilo ni la haki. Mwenye njaa hashibi kwa historia ya Cayman. Nina majibu mawili. La kwanza, sheria yetu inakataza. La pili ni zito zaidi. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu. Huwezi kuiona wala kuionja, kuipika hakuiondoi, na dawa yake haipo. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 watu 7 walikufa Pemba baada ya kula kasa. Mwezi wa Machi mwaka 2024, huko Kisiwa Panza, Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima mmoja. Usimpe mtoto wako nyama hiyo, hata kama wewe uliwahi kuila ukapona.

Tena, kasa aliye hai anaweza kuleta kitoweo kwa njia nyingine. Nchini Costa Rica kiko kijiji kiitwacho Tortuguero, yaani mahali pa kasa. Katika miaka ya 1950 kasa walikuwa wakibebwa kutoka pwani ile kwa wingi. Mtaalamu Archie Carr alianza kuwahesabu na kuwatetea. Mwaka 1975 pwani hiyo ililindwa kwa sheria ya hifadhi. Leo wanakijiji wengi huishi kwa kuwaongoza wageni wanaokuja kuona kasa wakitaga. Sisemi kila mgeni huacha fedha mkononi mwa mwanakijiji. Pale wageni wanapokuja, wanakijiji nao waulize hesabu mkutanoni.

Kwa maoni yangu, wewe uliyejifunza kusoma na kuandika una kazi ambayo wataalamu hawawezi kukufanyia. Nenda kwa bibi au babu mmoja. Mwamkie, kaa chini, mwulize majina ya mahali penu: kilima, mto, shamba, ufuko. Kila jina liandike katika daftari lako, na mbele yake andika sababu kama alivyoisema. Akisema hajui, andika kwamba hajui. Ukiishi pwani, na mzee akakuonyesha mahali ambapo kasa walikuwa wakipanda kutaga, mwulize alimwona wa mwisho lini. Andika na mwaka huo.