Jiji Liwe na Bendi Yake

Wazee wangu wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani, na ninyi vijana wa maduka ya mitaa ya Kongo na Msimbazi, nawaandikia kutoka Leipzig, Ujerumani. Maneno haya yanawahusu madiwani, lakini wenye kura ni ninyi.

Huku kuna okestra iliyoanzishwa mwaka 1743 kwa michango ya wafanyabiashara. Mwaka 1781 ilipata ukumbi ndani ya jengo la wauza vitambaa. Wa Kariakoo mtaielewa habari hiyo upesi kuliko mimi. Leo wanamuziki wake ni waajiriwa wa jiji, wanalipwa kwenye bajeti kama wazima moto.

Wala si jambo geni kwetu. NUTA Jazz ilipoundwa 1964, tajiri wake alikuwa chama cha wafanyakazi: vyombo vya chama, mshahara wa chama. Mlimani Park, iliyozaliwa 1978 ikiwa na waimbaji Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka, ilichukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika la jiji letu wenyewe la Dar es Salaam. Bendi hiyo, Sikinde mnayotambia hadi leo, ilikua mikononi mwa umma. Mpuliza mdomo wa bata mwenye uhakika wa mwisho wa mwezi anashinda mazoezini; asiye nao anashinda akitafuta kibarua, na jioni anapanda jukwaani amechoka.

Najua mtaniambia upo Mfuko wa Utamaduni na Sanaa. Upo, na unafanya kazi nzuri ya kukopesha wasanii. Lakini mkopo una marejesho. Unamfaa mwenye albamu ya kuuza. Bendi kubwa yenye magitaa, tarumbeta, tumba na waimbaji watatu au wanne haiwezi kurejesha mkopo kwa viingilio vya Jumapili, na kumfundisha kijana saksafoni hadi aive ni kazi ya miaka.

Halmashauri inajua kutenga fedha. Sheria inaitaka itoe asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Basi itenge na kasma ya bendi ya jiji, hata ikiwa ndogo, kutoka katika ushuru wa huduma unaolipwa na maduka yenu. Mkataba uwe wa wazi, hesabu zisomwe kwenye baraza la madiwani, na bendi isitumwe kwenye kampeni za chama chochote. Hili la mwisho nalisisitiza, maana fedha za umma zikianza kununua sifa za wakubwa, muziki wenyewe utakufa.

Nayo bendi ilipe deni lake kwa kupiga bure katika viwanja vya Mnazi Mmoja na kufundisha watoto wa Shule ya Uhuru Mchanganyiko baada ya masomo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini makadirio hupitishwa miezi kadhaa kabla. Mfuateni diwani wenu sasa, mumuulize kasma hiyo ataiombea lini.